Nne Nukta Moja

Mimi ni fundi cherehani, na hapa Rwezamenyo, Kigali, nasifika kwa mambo mawili: mishono yangu haifumuki, na tarehe zangu ni za uongo. Hilo la kwanza ni kweli. La pili nimesingiziwa, na aliyenisingizia ni marehemu Mukecuru, tena kwa ruhusa yangu. Lakini habari ninayotaka kusimulia si yake hasa. Ni ya binti yake, jirani yangu, ambaye alihangaika miaka mitatu kuitafuta ladha ya mtindi wa mama yake, na muda wote huo mtindi wenyewe ulikuwa kwenye friji yangu, nyuma ya nyanya.

Jirani huyo anaitwa Mukarugwiza, ila mtaani tunamwita Mama Ihirwe. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi waliokimbilia huko zamani, akasoma huko huko, na alipohamia Kigali pamoja na mama yake akapata kazi ya maabara katika kiwanda kimoja cha maziwa. Kazi yake ni kupima. Maziwa yakifika anapima joto, anapima kama kuna mjanja aliyeongeza maji, anapima uchachu. Na mtu akishinda akipima, hawezi kuacha akifika nyumbani. Nimemwona kwa macho yangu akichovya kipimajoto kwenye uji wa mtoto wa watu. Siku moja aliniletea sketi niliyomshonea, akaniambia upindo wa kushoto umezidi wa kulia kwa milimita mbili. Nilimwambia aende nayo maabara wakaipime vizuri.

Aliishi na mama yake nyumba moja, geti la tatu kupanda kutoka kibandani kwangu. Tulimwita Mukecuru, ndivyo huku wanavyowaita wanawake wazee kwa heshima, na nadhani nusu ya mtaa hawakulijua jina lake jingine. Alikuwa mfupi, mcheshi, na Kiswahili chake cha Karagwe kilikuwa kimenyooka kuliko changu cha Nakuru, jambo ambalo hakuchoka kunikumbusha. Nikisema "hii kitu," alinitazama mpaka nirekebishe.

Mukecuru alikuwa na kibuyu. Wanyarwanda wanakiita igisabo. Chake kilikuwa cheusi kwa moshi wa miaka, shingo imefungwa kamba mpya juu ya kamba kuukuu, na kilikuwa kimevuka mpaka mara mbili: kwenda Karagwe mgongoni kwa mama yake, na kurudi mapajani mwake mwenyewe, juu ya lori. Ndani yake mlikuwa na mtindi usioisha. Kila jioni alibakiza kidogo chini, akamiminia maziwa mapya yaliyochemshwa yakapoa, na asubuhi yote yalikuwa yameganda. Chachu ile alipewa na mama yake siku alipoolewa, na mama yake naye alipewa na wa kwake. Kibuyu chenyewe hakikujua sabuni. Kilisuuzwa kwa maji, kikafukizwa moshi wa majani makavu, basi.

Mimi nilipohamia hapa, miaka kumi na kitu iliyopita, tumbo lilikuwa linanisumbua, na mtoto wangu Norman bado mdogo. Mukecuru alinitumia kikombe. Haki sijawahi kunywa kitu kama kile. Kwetu Kenya mala, yaani maziwa ya kuganda, tunaijua, tumeinywa, lakini hii ilikuwa na ukali unaoingia polepole, halafu moshi kwa mbali, halafu kitu ambacho mpaka leo sina jina lake. Nilipoenda kumshukuru akaniuliza, "Umekimaliza chote?" Nikasema ndiyo. "Kosa. Ungebakiza kidogo ungekuwa na chako." Akanipa kingine na kunifundisha: kijiko kimoja kikubwa kwa maziwa ya vijiko kumi, funika, acha. Nilianza hivyo, kwa maziwa ya pakiti, ndani ya jagi la plastiki la kijani. Aliponiona na jagi lile alicheka hadi akakaa chini. "Mama Norman! Bibi yangu analala kwenye plastiki!"

Basi. Ikafika mwaka ambao Mukecuru aliugua, akalazwa wiki tatu. Mukarugwiza alibaki na nyumba, na mtu wa maabara akibaki na nyumba ya mgonjwa anafanya nini? Anasafisha. Aliosha mapazia, akaosha magodoro, akapiga sakafu dawa. Kisha akakiona kibuyu. Akawaza kwamba daktari amesema mama ana kinga dhaifu, na hapa kuna chombo ambacho hakijasafishwa tangu kabla yeye hajazaliwa. Akakijaza maji yanayochemka, akatia vidonge vya klorini, akakiacha usiku kucha. Asubuhi kilikuwa kinanukia usafi.

Mama yake aliporuhusiwa kurudi, Mukarugwiza alitia maziwa ndani ya kibuyu kama kawaida. Hayakuganda. Siku ya pili yakatoa harufu ya ajabu. Hapo ndipo alipoelewa amefanya nini, maana kazi yake ni hiyo, anajua klorini inamfanya nini mdudu wa maziwa. Akayamwaga kabla mama hajaamka, akakimbilia kazini, akarudi na pakiti ya chachu ya kiwandani, ile ya unga. Akagandisha maziwa kwenye sufuria, akayamimina kwenye kikombe cha mama yake na kumwambia, "Ya kibuyu haya, mama."

Mukecuru akanywa, akasema, "Asante, mwanangu."

Haya yote ninayajua kwa sababu Ijumaa ya wiki ile ile Mukecuru aliteremka kwangu na fimbo yake, kitenge cha zambarau chenye maua ya manjano kwapani, akakaa kwenye benchi la wateja na kusema, "Nipe ya plastiki." Nilimpa. Akanywa kikombe kizima macho ameyafumba. Ndipo akanieleza. Funda la kwanza tu la maziwa ya bintiye lilimwambia kila kitu: kibuyu kimekufa, na mtoto anaona aibu.

"Si umchukulie hii, kibuyu kiamke tena?" nikamuuliza. Mimi ni mtu wa kumaliza mambo.

"Nikimpelekea hii, nitakuwa nimemwambia najua. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kunigandishia, Mama Norman. Anasimama mlangoni ananiangalia nikinywa. Unataka nimwambie nini?"

"Sasa utakunywa ile ya pakiti mpaka lini?"

"Ni maziwa. Kayagandisha mtoto wangu." Halafu akanitolea masharti. Nisimwambie neno. Jagi nilitunze, nisilikatishe hata siku moja. Na siku Mukarugwiza atakapolisema mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba amekiosha kibuyu, siku hiyo nimpe. "Kabla ya hapo, ukimpa utakuwa umempiga."

Nikauliza na kitenge je? Akasema kitenge ni cha kushona gauni, kwa sababu mtu hawezi kwenda kwa fundi kila Ijumaa bila nguo. Nilimpima, nikakikata siku ile ile, vipande vyote, mikono na kola. Wiki iliyofuata nilitaka kuanza kuunga, akanishika mkono. "Usilimalize. Nitakosa sababu ya kuja."

Kwa hiyo kwa miaka miwili sikulimaliza. Mukarugwiza alikuwa anapita mbele ya kibanda anaponda, "Fundi gani huyu, gauni moja miaka miwili? Mama yangu atavaa kaburini?" Wateja wanasikia. Phiona, msichana mmoja aliyekulia Kampala, akaja kuchukua nguo yake kwa hasira kabla sijaigusa: "Auntie, mimi dress yangu iko ya wedding ya next week, siwezi ngoja two years!" Nikamrudishia kitambaa chake. Mukecuru kila Ijumaa alikaa kwenye benchi na kikombe chake, ananicheka.

Mukecuru akafariki mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Hakulivaa.

Na hapo ndipo binti yake alipoanza kuutafuta ule mtindi.

Alianza na maduka ya maziwa. Kigali nzima ina sehemu za kunywa maziwa, na nadhani hakuacha hata moja. Alikunywa Nyamirambo, akanywa Kacyiru kwenye saa ya chakula katikati ya watu wa wizarani, akafika hadi Kanombe kwa sababu kuna mtu kamwambia mke wa mwanajeshi mmoja anagandisha kwa kibuyu. Anarudi jioni, anasimama mlangoni kwangu bado kavaa kofia ngumu ya pikipiki, anatikisa kichwa. "Siyo." Nami jagi liko hatua nne nyuma yangu.

Kisha akaamua kuutengeneza mwenyewe. Akaja Jumamosi moja na chupa tatu ndogo kwenye mfuko, kila moja na karatasi ya namba. "Mama Norman, wewe ulikuwa unakunywa wa mama. Ulimi wako unaukumbuka. Nisaidie."

Jamani. Mnaona nilivyowekwa? Nilionja ya kwanza, nikasema bado. Ya pili, bado. Ya tatu nikasema inakaribia, kwa huruma tu.

Alinionyesha daftari lake. Miaka mingi nyuma, mama yake akiwa mzima, aliwahi kuchukua kidogo cha mtindi wa kibuyu akaupeleka maabara, kwa kutaka kujua tu. Aliandika namba moja: 4.1. Hiyo ndiyo kumbukumbu yote aliyokuwa nayo. Chachu ya pakiti ilimpa 4.5 kila siku bila kukosea.

"Sasa hapo si mmekaribiana?" nikamwambia. "Nukta nne tu. Wewe ambaye unaona milimita mbili kwenye upindo ndiye unalia kwa ajili ya nukta nne?"

Akachukua futi yangu ya kupimia kutoka shingoni mwangu, akaitandaza juu ya meza ya cherehani. "Hii futi yako ni ya haki," akasema. "Kutoka moja hadi mbili ni sentimita moja. Kutoka tisini hadi tisini na moja, sentimita ile ile. Futi yangu mimi siyo hivyo. Kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia. Maji safi ni saba. Ukifika sita, ukali umekuwa mara kumi. Tano, mara mia. Nne, mara elfu."

"Namba inashuka na ukali unapanda?"

"Ndiyo."

"Na hatua moja ni mara kumi."

"Ndiyo. Tunaita skeli ya logi. Inatusaidia kuandika vitu vikubwa sana kwa namba ndogo."

Nikamwambia ningeshona kwa futi ya namna hiyo, mwanamke angeongezeka nukta moja kiunoni nikamkatia turubai. Alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akanieleza kwamba hiyo nukta nne kati ya 4.5 na 4.1 si kidogo. Wa mama yake ulikuwa mkali mara mbili na nusu kuliko wake. Mara mbili na nusu! "Na alikunywa wa kwangu miaka miwili," akasema, "hakugundua."

Niliinama nikatafuta pini ambayo haikuwa imedondoka.

Nilikasirika sana jioni ile, nikamkasirikia marehemu, jambo ambalo si zuri. Huyu mtu anateseka, Mukecuru, nilisema moyoni. Masharti gani haya? Lakini niliyakubali nikiwa na akili zangu timamu, na yule mzee alikuwa anamjua mwanawe. Nikamchokonoa tu binti, kila nilipopata nafasi. "Kwani kile kibuyu kiko wapi?" namuuliza. Anasema kiko juu ya kabati. "Si ugandishe humo?" Anasema kimezeeka. "Kilizeekaje ghafla?" Anabadilisha mazungumzo. Ungemwona uso, ungeacha kuuliza.

Ilienda hivyo mwaka, na mwaka mwingine. Alijua joto gani linaleta ukali gani, saa ngapi, maziwa ya ng'ombe wa wapi. Alishuka 4.4. Akashuka 4.3, akakaa hapo miezi. Jioni moja tumekaa kwenye lile lile benchi, akaniambia bila mimi kumwuliza: "Unajua, siku kumi za kwanza baada ya kumzika zilikuwa ndefu sawa na siku mia zilizofuata. Na zile mia zilikuwa sawa na hizi elfu. Nilifikiri kadiri siku zinavyoongezeka nitakuwa nasogea mbali naye. Kumbe nimepiga hatua tatu tu." Alisema hivyo anaangalia barabarani. "Namkumbuka mama, Mama Norman. Namkumbuka vibaya sana."

Nilimshika mkono.

Mwaka huu Norman akapata kazi nzuri huko nyumbani, akasema mama sasa inatosha, rudi. Na mimi nimechoka kuiona Nakuru kwenye simu. Nataka kuamka nisikie Kikuyu nje ya dirisha, hata kama ni watu wanagombana. Nikakubali kuondoka mwezi wa nane. Nikaanza kuuza vitu: meza, benchi, cherehani ya pili. Kila nikifungua friji naliona lile jagi. Kulibeba? Kulimwaga? Kumpa jirani mwingine, akalinywa lote kwa siku moja na kuniambia asante? Miezi miwili ilikuwa imebaki, na yule mwanamke hajatamka.

Mwezi wa sita mwishoni akaja anakimbia, chupa mkononi. Hakusalimia. "Nne nukta moja! Nimepima mara tatu. Nimesafisha mashine nikapima tena. Nne nukta moja, Mama Norman. Onja!"

Nilionja. Mungu anisamehe, ulikuwa mtindi mzuri. Ulikuwa mkali sawasawa na wa Mukecuru. Na haukuwa wenyewe. Ilikuwa sawa na kumwona mtu kwa mbali amevaa nguo za mtu wako, unamkimbilia, anageuka.

"Bado," nikasema.

"Bado nini? Namba ni ile ile."

"Namba siijui mimi. Najua mdomo wangu."

"Mdomo wako hauna akili!" Alipiga kelele hivyo, mwanamke ambaye hata kuku hamfukuzi kwa sauti. "Miaka mitatu! Miaka mitatu unaniambia bado, bado. Unataka nini wewe? Kwani wewe ni nani wa kuniambia mama yangu alikuwaje?" Akaichukua chupa yake akaondoka. Karibu mwezi mzima hakupita mbele ya kibanda. Alizungukia njia ya juu, ndefu, yenye matope, ili asinione. Na mimi nina kichwa kigumu, sikumfuata.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, wakati wa mchana, nikiwa nafunga maboksi, akaingia. Amekipakata kile kibuyu kifuani.

"Nasikia unaondoka," akasema.

"Naondoka tarehe nane."

"Hukuniambia."

"Ungeniona wapi, na unapitia mbinguni siku hizi?"

Alikaa. Akasema samahani kwa yale maneno, nikasema yameisha. Kisha akaniomba nimshonee kibuyu vazi kabla sijaondoka, kitambaa kizuri chenye shanga kidogo, akitundike ukutani sebuleni kiwe pambo, namna wanavyofanya kwenye hoteli za watalii. Nikachukua futi. Nikakizungushia shingoni, nikakizungushia tumboni, nikaandika. Kilikuwa chepesi sana. Nilikinusa mdomoni, sikusikia moshi wala maziwa.

"Chombo cha kunyweshea watu unakivika nguo," nikasema taratibu. "Kwa nini hukitumii?"

Nje kuna mtu anapiga nyundo bati. Nilidhani atabadilisha mazungumzo kama siku zote, nikaanza kuikunja futi.

"Nilikiua," akasema. "Mama alipokuwa hospitali. Nilikiosha kwa maji ya moto na klorini. Mimi, niliyesomea maziwa. Kilitoka Rwanda, kikafika Karagwe, kikarudi, vizazi vitatu, na mimi nikakiua kwa usiku mmoja kwa vidonge viwili. Halafu nikamdanganya. Kila asubuhi, miaka miwili, nikamwambia ni ya kibuyu. Amekufa hajui."

Alikuwa halii. Ingekuwa nafuu angelia. Mimi nilikuwa nimeshasimama, nafungua friji, nasukuma nyanya.

Niliweka jagi mbele yake, na kikombe. Alilitazama lile plastiki la kijani lililofifia kama mtu anayetazama kitu kisichomhusu.

"Nini hii?"

"Ya mama yako."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia katikati, nikarudi nyuma, tumbo langu lililougua, kijiko kimoja kwa kumi, Ijumaa, fimbo, kitenge, masharti. Alinisikiliza hadi mwisho. Unajua swali la kwanza aliloliuliza ni lipi?

"Unaongeza maziwa kila baada ya siku ngapi?"

"Tatu. Mara nyingine nne."

"Moja kwa kumi?"

"Moja kwa kumi."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo inacheza. "Mara ya kwanza inabaki sehemu moja ya kumi ya maziwa yake. Ya pili, moja ya mia. Ya tatu, moja ya elfu. Wewe umefanya hivyo zaidi ya mara elfu moja, Mama Norman." Akavikunja vidole vyote. "Hamna hata tone lake humu. Kwa hesabu, alishakwisha kabla mwezi mmoja haujatimia."

Hapo hasira zangu zote za miaka mitatu zikanipanda. "Na saa ile inayoganda," nikamwambia, "inagandishwa na nani? Kila ninapoipunguza mara kumi, asubuhi inarudi imejaa. Mara elfu moja imepunguzwa na mara elfu moja imerudi. Wewe si ndiye mwenye kusoma? Hesabu na hiyo! Kunywa!"

Akanywa.

Sitasimulia uso wake. Nilitoka nje nikasimama mlangoni, nikamwachia chumba. Niliporudi kikombe kilikuwa kitupu, na jagi alikuwa amelifunika vizuri kwa mfuniko wake, amebakiza.

"Alijua," akasema.

"Tangu funda la kwanza."

"Angeweza kuja kunywa hii tu. Kila siku. Angeniambia ya kwangu hataki."

"Hakutaka kukuambia hivyo."

"Alikuwa anasema, 'Asante, mwanangu.' Kila asubuhi. Na mimi nasimama pale mlangoni namwangalia, naona nimefaulu." Akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Yalikuwa yamepoa mno yale maziwa yangu. Hayana ukali. Miaka miwili anayanywa."

Hakwenda na jagi siku ile. Alienda kuchemsha maziwa kwanza, akarudi jioni na chupa ya maabara iliyochemshwa, safi, nikamchotea kijiko. Kipima uchachu hakukileta. Nilimuuliza, akasema hakina kazi leo. Kibuyu alikichukua, na vazi akaniambia niache, kwanza atakifukiza moshi aone.

Alipokuwa anageuka kutoka, macho yakamwangukia kitenge cha zambarau, kimekunjwa juu ya rafu iliyobaki, vipande vyake vimeshikizwa kwa pini zilizoanza kushika kutu. Akakishusha. Akakifungua: kola, mikono, mbele, nyuma. Akaviweka kifuani kwake. Yeye ni mrefu, gauni lingemfika magotini.

"Hili ndilo lile."

"Ndilo."

"Kwa hiyo hukuwa mvivu."

"Sijawahi kuwa mvivu. Wewe ndiye umeniharibia jina mtaa mzima." Nikapokea vipande kutoka mikononi mwake. Nilikuwa na wiki moja na cherehani moja haijauzwa. "Nipe siku mbili. Nitaongeza upindo chini, nitaliunga lote, ulivae kabla sijaondoka."

Alitikisa kichwa, akavisukuma vipande vile kwangu kwa mikono miwili.

"Usilimalize, Mama Norman. Nenda nalo Nakuru. Nitakosa sababu ya kuja."

Sikuwa nimemwambia. Katika yote niliyomweleza siku ile, hilo neno la mama yake sikuwa nimelisema, nakumbuka vizuri. Nilikaa kwenye benchi ambalo aliyelinunua alikuwa anakuja kulichukua kesho yake, nikavikunja vile vipande upya.

Akaniuliza gauni litakuwa tayari lini. Nikamtajia tarehe.